Maabara ya vipimo vya ini niliyoenda: sindano nyota tano, majibu nyota mbili

Wadau, nilisema nikitulia ntaandika rivyuu ya hawa watu na leo nimetulia. Jina silitaji maana sitaki ugomvi, ni moja ya zile maabara binafsi hapa Dar, kioo mbele, AC inapuliza mpaka unatamani kanga, na ukutani bango la vipimo limepangwa na bei kama menyu ya kibanda cha chipsi. Malaria, taifodi, sukari, figo, ini. Unachagua, unalipa.

Kilichonipeleka ni shemeji yangu, kaka yake wife. Alichangia damu kazini kwao, baadae akapigiwa simu kwamba damu imekutwa na homa ya ini B. Jamaa mzima wa afya, anakula, Jumapili anacheza mpira wa veterani, na alikuwa amekaa kwetu mwezi mzima tunakula sahani moja. Sa mi nikaanza kuogopa, Jumamosi asubuhi bila kumwambia mtu nikapanda boda mpaka pale, nikamwambia dada wa mapokezi nataka kupima ini, kuna ndugu yangu ana homa ya ini. Akaniuliza swali moja tu: "Cash au bima?" Elfu 35, lipa namba, tokeni, kaa pale.

Chumba cha kutolea damu sina neno baya. Kijana aliyenihudumia anajua kazi yake, sindano kaifungua mbele yangu, kaniuliza jina na mwaka wa kuzaliwa kabla hajaandika chochote kwenye chupa, mpira wa mkononi hakuukaza muda mrefu, kapata mshipa mara ya kwanza na akaacha damu iingie taratibu. Wakati ule niliona ni ustaarabu tu, baadae ndo nikaja kujua kwamba damu ikitolewa kwa papara zile chembe nyekundu zinapasuka humo kwenye chupa na majibu yanaharibika, AST (moja ya namba za kipimo cha ini) inapanda wakati ini halina kosa lolote. Kwa hiyo yule kijana nyota tano zake azichukue.

Shida ilianza saa tatu na dakika arobaini usiku, majibu yameingia wasap. Pidiefu. Nimelala kitandani naifungua naona mistari kama kumi hivi, na miwili ina herufi H nyeusi tii pembeni, yani "high", imezidi. AST 96, wakati wao wameandika mwisho 40. ALT 61, mwisho 41. Zilizobaki zote zipo ndani ya mstari, ALP 78, GGT 24, bilirubini safi, albumini 45. Chini kabisa maneno matatu, "Wasiliana na daktari". Daktari gani Jumamosi usiku? Nikapiga namba yao haipokelewi, nikaingia gugo, na mnajua gugo ikishajua una hofu inakupeleka wapi, saa nane usiku nilikuwa nimeshafika kwenye saratani na nawaza nani atalipa ada za watoto. Wife akaamka akaniuliza unasoma nini, nikamwambia matokeo ya mpira.

Jumatatu nikarudi kuchukua karatasi yenye muhuri. Dada yule yule akaiangalia sekunde mbili, akasema "imepanda kidogo kaka, ila tuna unga wa kusafisha ini, elfu 45, watu wengi wanautumia". Hapo ndo niliwatoa nyota. Yani hujui ini langu lina nini, hujaniuliza kitu, ila dawa unayo chini ya meza? Ini lenyewe ndo linasafisha mwili, halihitaji kuoshwa kama chujio la chai, na hizo unga na miti shamba zisizojulikana zina nini ndani ndo moja ya vitu vinavyowapandishia watu hizo hizo namba. Nilikataa, bahati nzuri hela yenyewe sikuwa nayo.

Nikaenda zahanati ya karibu na nyumbani, kuna daktari mama mtu mzima. Shikamoo dokta, marahaba mwanangu, lete karatasi. Elfu 10 ya kumuona, na nasema kwa moyo mweupe ile elfu 10 ilikuwa na thamani kuliko 35 yote. Kwanza akanieleza kwa lugha ya nyumbani, kwamba hizi AST na ALT ni vimeng'enya (enzaimu), makazi yake ni ndani ya seli, seli ikiumia vinamwagikia kwenye damu, kwa hiyo karatasi inakwambia kuna kitu kimemwagika, haikwambii kimemwagika wapi. ALT kwa wingi ipo kwenye ini. AST ipo kwenye ini ila ipo pia kwenye misuli, kwenye moyo, hadi kwenye chembe nyekundu. ALP inatoka kwenye mirija ya nyongo na kwenye mifupa pia, na kwa mjamzito kwenye kondo la nyuma, ndo maana kijana anayekua au mama mjamzito inaweza kuwa juu na hana tatizo, na GGT ndo inasaidia kujua kama hiyo ALP imetoka upande wa ini.

Halafu yakaanza maswali, na hapa ndo nilijua tofauti ya maabara na daktari. Pombe? Nikasema bia mbili tatu za wikiendi, akaniangalia juu ya miwani. Akasema AST ikiwa mara mbili ya ALT au zaidi wanaiwaza sana pombe, ila yangu haijafika huko na GGT imekaa kimya. Panadol umekunywa nyingi? Hapana. Dawa za TB? Hapana. Mahindi mnayosaga yana ukungu? (Hili nililishangaa, akanikumbusha yale ya sumukuvu Dodoma na Manyara 2016, watu walikufa kwa mahindi.) Mazoezi je?

Nikacheka. Alhamisi yake, siku mbili kabla ya kipimo, nilirudi jimu baada ya miezi miwili ya uvivu, nikapiga skwati kama nalipwa, Ijumaa nikawa napanda ngazi ya daladala kama mzee wa miaka tisini. Mama wa watu akaweka kalamu chini. Akaniandikia kipimo kingine kinaitwa CK, hicho ni cha misuli, kikarudi 1,840 wakati kawaida ni kama 200 hivi. Misuli ndo ilikuwa imemwaga. Akaniambia kaa wiki mbili bila vyuma, rudia.

Nimerudia maabara nyingine, na kituko hapo, wao wameandika SGOT na SGPT, wife (wakati huo nimeshamwambia) akadhani nimeongezewa ugonjwa. Ni majina ya zamani tu, SGOT ndo AST na SGPT ndo ALT. Zimekuja 27 na 31. Mpaka wa kawaida nao ulikuwa tofauti kidogo na wa kule kwa kwanza, kwa hiyo linganisha namba yako na mstari wa karatasi hiyo hiyo, usichukue ya jirani.

Ila kilichoniuma zaidi bado sijakisema. Dokta aliponiuliza kwanini nilipima, nikamweleza ya shemeji, akasema "sasa mwanangu mbona hukupima unachokiogopa?" Kumbe enzaimu hazikwambii kama una kirusi. Shemeji mwenyewe enzaimu zake zilikuwa kwenye mstari zote, na kirusi anacho. Kipimo cha homa ya ini B ni kingine, kinaitwa HBsAg, na kipo kwenye lile lile bango la ukutani, tena bei ndogo kuliko niliyolipa! Yule dada nilimtajia homa ya ini kwa mdomo wangu, angeuliza swali la pili tu tungekuwa tunaongea mengine. Na sahani haikuwa na neno, kirusi kinapita kwenye damu, ngono, wembe, mama kwenda kwa mtoto wakati wa kuzaa. Mimi na wife tumepima, hatuna, tumeanza chanjo, ya pili baada ya mwezi na ya tatu miezi sita baada ya ile ya kwanza.

Kwa hiyo nyota tatu, na hiyo ya tatu ni ya yule kijana wa sindano. Ukienda pale nenda na karatasi ya daktari ikisema upime nini, waambie dawa unazotumia hata wasipouliza, jimu pumzika siku kadhaa kabla, na majibu yakija usiku usiyafungue. Parking hamna.