Kupanga mji mdogo: "umeme na maji ndani ya kodi" ipi ina nafuu

Dalali wa Mafinga, Njombe au Korogwe akikwambia "maji na umeme ndani", muulize: ndani kivipi? Kuna mipango minne inayoitwa hivyo. Kodi inaweza kufanana, gharama ya mwezi ikapishana mbali. Tumeipanga kuanzia yenye nafuu.

1. LUKU (mita ya umeme wa kulipia kabla) ya peke yako, maji ndani ya kodi

Huu ndio wa kutafuta, hata chumba kikizidi vingine kwa 10,000. Maji ya mtu mmoja hayamfilisi mwenye nyumba: ndoo nne za lita 20 kwa siku ni lita 2,400 kwa mwezi, uniti mbili na nusu hivi za maji (uniti moja ni lita 1,000). Kinachogombanisha watu ni umeme, na hapa unawasha kwa hela yako.

Kabla ya kukubali, omba uonyeshwe ujumbe wa mwisho wa kununua LUKU. Kwa bei iliyozoeleka, 5,000 ikitoa uniti 41 hivi, mita iko D1, daraja la wasiozidi uniti 75 kwa mwezi. Ikitoa 14, ni T1, daraja la matumizi ya kawaida. Ikitoa pungufu ya hapo, soma makato. Kodi ya jengo, 1,500 kwa nyumba ya kawaida, hukatwa kila mwezi; huo ni mzigo wa mwenye nyumba, mkubaliane mapema aipunguze kwenye kodi yako ya chumba. Deni la mita ni baya zaidi: linamfuata anayenunua umeme, hata kama aliyelilimbikiza alishahama.

2. Kila kitu ndani, kwa kikomo kilichoandikwa

Unamfaa mtumishi aliyehamishwa au mtu wa mkataba wa miezi sita asiyetaka usumbufu. Piga hesabu kwanza. Friji dogo hula uniti moja hivi kwa siku. Bafu la umeme (shawa inayopasha maji) la wati 4,500 kwa dakika 10 ni robo tatu ya uniti (na kwa baridi ya Njombe ya Juni, anayeishia dakika 10 chini ya maji ya moto ni shujaa). TV ya wati 80 kwa saa tano ni 0.4, taa nne za wati 9 kwa muda huohuo hazifiki 0.2. Jumla ni kama uniti 70 kwa mwezi, yaani 25,000 hivi kwa T1, bado pasi na jiko. Mwenye nyumba akikuongezea 30,000 kwa umeme na maji, hajakuonea. Akitaka 50,000, shusha.

Mkataba usomeke hivi: "Kodi inajumuisha umeme usiozidi uniti 70 na maji yasiyozidi uniti 3 kwa mwezi, ziada italipwa na mpangaji kwa bei ya risiti." Pasipo kikomo, muda si mrefu zinaanza amri: pasi marufuku, jiko la umeme marufuku, mara bafu limekatwa waya.

3. LUKU moja, kila chumba na mita yake ndogo

Unavumilika mita zikisomwa siku moja, wapangaji wote wakiwepo. Taa za nje na pampu ya kisima hazimo kwenye mita ya mtu, kwa hiyo uliza nani anazilipia. Jaribio moja usiliache: zima swichi kuu ya chumba chako, kisha tazama kitaa cha mita. Kikiendelea kupepesa, kuna waya wa jirani umepita kwako.

4. LUKU ya kuchangia kwa kichwa

Achana nayo ukiweza. Mwenye balbu moja anamlipia mwenye friji, umeme unakatika Jumapili usiku wakati mmoja hajatoa mchango, na vyumba vitano kwenye mita moja vinapita uniti 75 bila shida, kwa hiyo nafuu ya D1 hamuipati.

Siku ya kukagua

Nenda siku ya mgao wa maji, si siku yanapotoka. Vyumba vitano vya watu wawili wawili, lita 60 kila mtu, ni lita 600 kwa siku. Simtanki la lita 1,000 halimalizi siku mbili. Bafu la umeme liwe na waya wake mnene na swichi yake ya kujikata kwenye boksi la swichi za umeme, na nyumba iwe na waya wa ethi (unaopeleka umeme uliovuja ardhini). Bila ethi, bomba linaweza kukupiga shoti. Mwaga ndoo nzima chooni. Maji yakishuka taratibu, shimo limejaa au ardhi imeshiba, na gari la kunyonya lina gharama: liandikwe ni la nani.

Dalali kwa kawaida huchukua kodi ya mwezi mmoja. Mlipe baada ya kusaini mkataba na mwenye nyumba mwenyewe, mbele ya mwenyekiti wa mtaa, na piga picha ya mita zote siku unayopokea funguo.