Mashine ya kuchimbia mashimo ya miti kwenye mteremko: msimu wangu wa kwanza Mufindi

Niliinunua Novemba, kabla mvua hazijakolea. Ni ile ya petroli ya kushika kwa mikono, injini ya cc 52, biti (ile skrubu kubwa inayochimba) ya upana wa sentimita 20. Petroli yake inachanganywa na oili. Mimi naweka mililita 40 kwa lita moja. Bei ilikuwa shilingi laki nne na ushee.

Shamba langu la misindano (paini) ni ekari 3. Ekari ya juu imelala, ya kati inainama, ya chini ukiteleza unajikuta bondeni. Napanda mita 3 kwa 3, yaani mashimo kama 450 kwa ekari.

Juu sina la kulalamika. Mimi na mdogo wangu tulipokezana, na saa kumi jioni ekari ilikuwa imekwisha. Kwa jembe na sululu ilikuwa inakula vibarua wanne siku nzima, tena siku ambayo hawajachelewa.

Tulipofika kwenye mteremko ndipo nilipokumbuka maneno ya muuza duka, "hii mtu mmoja anatosha." Labda uwanjani kwake. Mguu mmoja uko juu, mwingine chini, mashine ina kilo zaidi ya kumi, halafu biti inakamata mzizi wa kisiki cha zamani. Biti ikigoma, mishikio ndiyo inayozunguka. Mimi ilinipiga paja, nikachechemea siku tatu. Kuanzia hapo tukaishika watu wawili, na faida ya kasi ikapungua nusu.

Jambo la pili sikulitegemea kabisa: udongo. Anayechimba kwa jembe anauweka udongo pale anapotaka kuukuta siku ya kupanda. Mashine inautawanya pande zote, na kwenye mteremko unaporomoka. Mvua moja ikapiga, tukawa na mashimo yasiyo na udongo wa kufukia. Ilibidi tukwangue wa pembeni, kazi ambayo hatukuipangia siku wala hela.

Halafu huu udongo wetu mwekundu wa mfinyanzi, ukiwa na unyevu, biti inaulainisha ukuta wa shimo mpaka unang'aa kama ndani ya chungu. Maji yanatuama, na mizizi ya mche inapata shida kupenya, inaishia kujizungusha humohumo. Dawa yake ni kuuparua ukuta kwa ncha ya panga kabla ya kupanda. Sekunde chache tu, lakini zidisha mara 450. Ningeanza upya, ningechimba udongo ukiwa mkavu kidogo.

Kuhusu uimara, imenisumbua plagi mara moja na kamba ya kuwashia imekatika mara moja. Vyote fundi wa pikipiki alivimaliza. Meno ya biti yameliwa na mawe, ila yanabadilishwa.

Kwa shamba lililolala naipa nyota tano. Kwa mwinamo wa kati, tatu, tena mkiwa wawili na viatu vya kukamata ardhi. Ekari ya chini sikuimaliza nayo. Niliizima baada ya mistari miwili nikawaita vibarua walewale wa kila mwaka, nao wakanicheka kwanza kabla ya kupatana bei.

Sasa hivi iko kwa jirani yangu mwenye shamba tambarare. Ananilipa kwa kila shimo.