Mwache: kuachia maji kidogo kila siku, au kwa mkupuo?

Bwawa la Mwache, Kwale, linalengwa kuinywesha Mombasa, lakini mto wake huishia kwenye mikoko ya Port Reitz. Mikoko nayo yataka maji yasiyo na chumvi, hivyo bwawa liachie kiasi.

Ukiachia nusu mita ya ujazo kwa sekunde, kwa siku ni mita za ujazo 43,200: mitungi ya lita 20 zaidi ya milioni mbili. Mchuuzi wa mkokoteni akisikia hesabu hiyo atashika kichwa! Faida yake, mto haukauki na wakazi walio chini ya bwawa hupata cha kunyweshea mifugo. Ila mtiririko mwembamba hausukumi mchanga wala tope, na samaki hawapati ishara ya kupanda mto kutaga.

Mkupuo wa mita za ujazo 10 kwa sekunde, siku mbili, hula maji sawa na siku 40 za mtiririko ule. Ufanywe masika, bwawa likikaribia kufurika, maana maji hayo yangemwagika vivyo hivyo. Epuka bamvua: bahari iliyojaa huzuia mto, mashamba yakazama. Kufunga ni polepole, kwa saa kadhaa. Ukifunga ghafla kingo huporomoka na samaki hubaki vidimbwini. Usitoe maji ya sakafuni mwa bwawa pekee, huweza kukosa oksijeni.

Kwa Mwache, mkupuo, na kijito kidogo wakati wa kiangazi. Mto Sabaki, Kilifi, ni kinyume: visima vya Baricho kando yake, vinavyolisha Mombasa, hujazwa na mto wenyewe, kwa hiyo sehemu ya maji yanayoachiwa juu, Mombasa huinywa.