Kegi ya Dola 55 na Madoa Mawili Yasiyofanana: Dondosha Siki Kwanza

Mambo zenu wadau, karibuni tena jikoni kwangu, San Antonio, Texas. Leo nina hasira, nawaambia mapema ili msishangae. Mnaiona hii? Kegi, mtungi wa stenlesi ambao sisi wapika bia wa nyumbani tunatilia bia. Ile ya soda ya zamani, Cornelius, lita 19, vipimo sivisomi, tulishavimaliza kwenye video ya mitungi ya gesi. Nimeinunua kwa mtu mtandaoni, dola 55, tangazo lake limeandikwa "imeoshwa, tayari kwa kazi". Kwenye picha ndani kunang'aa kama sufuria ya bi harusi. Sasa sogea na kamera. Nawasha tochi. Chungulia.

Huku chini kuna utando mweupe, kama mtu kapuliza majivu. Na hapa juu, bia ilipokuwa inaishia, kuna mkanda wa rangi ya chai ya maziwa. Nikipitisha ukucha... mmesikia? Unakwaruza kama msasa. Ni kegi ile ile ya kwenye picha, na jana ndiyo nimegundua nilivyopigwa. Tazama: nachukua maji kikombe kimoja, namwaga, nazungusha. Uko wapi utando mweupe? Haupo! Chokaa ikilowa inajificha, ikikauka inarudi. Jamaa kaipiga picha mbichi. Kwa hiyo ukinunua kegi kuukuu, mwambie muuzaji akupe picha ya ndani ikiwa kavu, tena kwa tochi. Akianza kujiuma-uma, achana naye.

Najua kuna mtu atasema si ungenunua mpya. Mpya ninazoziona mimi huku zinavuka dola 100 bila aibu. Hizi kuukuu zilikuwa mali za kampuni za soda, wakaja kuhamia kwenye mfuko ndani ya boksi, kegi zikamwagwa sokoni kwa bei ya chakavu, na wapika bia wa nyumbani wakazidaka. Sasa hivi wauzaji wameshtuka. Zile ambazo viungio vyake vya mipira vinashikwa na pini, za upande wa Coca-Cola, nasikia bado unapata kwa bei nzuri kidogo kuliko hizi za upande wa Pepsi, ila mimi sizipendi, fupi nene, kwenye friji langu zinakaa vibaya. Hiyo ni chuki binafsi, msije kuninukuu.

Haya, hapa ndipo nataka mtulie. Nina siki nyeupe ya dukani, asilimia 5, na bomba la sindano lisilo na sindano, lile la kumnyweshea mtoto dawa. Kegi nimeshaikausha. Nadondosha kwenye ule weupe, tone moja tu. Leta kipaza sauti. Kimya jamani... tsssss. Mmesikia? Ona vipovu. Hiyo ni chokaa, kalisiamu kaboneti, ndiyo ile ile iliyo kwenye birika la mama. Wenzangu wa Unguja na Tanga mnaotumia maji ya kisima mnaijua, ukikoroga chai unakuta magamba chini ya kikombe. Maji yetu hapa yanatoka kwenye miamba ya chokaa ya Edwards, kwa hiyo birika langu nalo halina tofauti na la kule.

Na nikiangalia vizuri, muuzaji hakudanganya kabisa. Kegi kaiosha. Tatizo ni kwamba zile poda za kulowekea zina magadi ndani yake, na magadi yakikutana na maji magumu yanaikamata kalisiamu, inaganda, inakaa ukutani. Inaonekana aliloweka usiku kucha, akalala, asubuhi akasuuza juu juu. Usafi wenyewe ndio uliomchafulia. Hasira yangu imeshuka kidogo. Dola 5 hivi.

Sasa huku kwenye mkanda wa kahawia. Tone. Tega sikio. Moja, mbili, tatu... mpaka kumi. Hamna. Ishirini. Hamna kitu. Nafuta na kitambaa cheupe, kitambaa ni cheupe vile vile. Wadau, hilo ndilo jiwe la bia. Siki imelipitia kama mvua juu ya bati. Kalisiamu ya kwenye maji inakutana na asidi ya oksaliki ya kwenye kimea cha shayiri, inashikana na protini, inajenga tabaka juu ya tabaka, bia baada ya bia. Chumvi hiyo hiyo, kalisiamu oksaleti, ndiyo iliyomo kwenye mawe mengi ya figo. Sasa kwenye figo ukilipata unalia. Kwenye kegi halilii mtu, ila vijidudu vinajibanza humo, dawa ya kuua vijidudu inapita juu haiwafikii, bia inachacha, halafu unamsingizia hamira.

Hapa nina ugomvi na wenzangu wa chaneli nyingine, majina siwataji. Mnawaambia watu wasugue jiwe la bia kwa ile poda ya kung'arishia sufuria, yenye asidi ya oksaliki. Jamani! Jiwe lenyewe ni mtoto wa asidi hiyo hiyo. Ni sawa na kutaka kuondoa chumvi kwenye shuka kwa kulisuuza baharini. Poda ile kwenye kutu ni mwisho wa matatizo, ninayo pale kabatini, lakini hapa unasugua bure mpaka mkono unauma.

Na jiki usiguse. Klorini inatoboa stenlesi vishimo vidogo vidogo, ikikutana na asidi inatoa gesi ya sumu. Steelwuli nayo hapana, inakuachia kutu.

Ninavyofanya mimi: kwanza natoa presha yote, vuta vali mpaka inyamaze, ndipo ufungue. Poda ya magadi na oksijeni kwenye maji ya moto, nusu saa, si usiku kucha, na kifuniko usikibane kwa sababu poda inazalisha gesi. Hiyo inakula protini. Nasuuza sana. Halafu asidi yenyewe, mchanganyiko wa fosforiki na nitriki wanaouza kwa ajili ya viwanda vya bia, kwa kipimo cha kwenye chupa. Glovu, miwani, madirisha wazi, na asidi ndiyo inayomiminwa kwenye maji, usigeuze. Wapo wanaoanza na asidi ndipo poda, wanakuja kubishana kwenye maoni, njooni tu. Hii nimeiosha mbele yenu nusu ya upande. Pitisha ukucha... upande huu unateleza, huu msasa.

Usisahau mrija mrefu wa ndani! Spana ya inchi 7/8, fungua kiungio kinachoushikilia, toa oringi, ile pete ya mpira, chungulia ukielekeza dirishani. Huu wangu ulikuwa na pete ya kahawia imebakiza tundu la njiti. Brashi nyembamba, na oringi mpya, za zamani zinanuka soda mpaka kiama.

Tangazo dogo: kuanzia mwezi ujao video zinahamia Jumamosi, Jumatano nimebadilishiwa zamu kazini. Na kwa wale wanaouliza kila siku kama kupika bia nyumbani huku ni halali: Rais Carter alisaini sheria yake 1978, tulieni.

Kwa hiyo dola 55, nusu siku yangu na chupa ya asidi. Ningeinunua tena? Kwa 35, ndiyo. Kwa 55, ikiwa kavu kwenye picha.

Ah, nimesahau, nilichukua mbili. Ya pili hii hapa, hii ni safi, hata mke wangu kaisifia. Ngoja tuidondoshee tu kwa ajili ya kamera. Tone... moja, mbili, tatu, nne... mbona kimya? Lete tochi. Lete tochi bwana. Ukucha... Haya, zima kamera, nivae glovu.