Treni za ghorofa: springi za chuma au mito ya hewa?

Abiria wa treni ya ghorofa ni wengi, kwa hiyo uzito wa behewa hubadilika sana kati ya asubuhi na usiku. Springi ya chuma inayobeba behewa juu ya magurudumu ni rahisi kutunza, haina mpira wa kupasuka. Lakini ili ibebe umati lazima iwe ngumu, na behewa tupu hurukaruka.

Mto wa hewa, yaani mfuko wa mpira uliojaa hewa badala ya springi, hujirekebisha kwa vali zinazoongeza au kupunguza hewa kulingana na mzigo, sakafu ikabaki usawa wa jukwaa la stesheni. Hofu yangu iko kwenye kona: reli ikijipinda, vali hizo zinaweza kuongeza hewa kimshazari, gurudumu moja likapungukiwa mzigo na ukingo wake ukapanda reli hata kwa mwendo mdogo. Tokyo, Machi 2000, treni ya kawaida, isiyo ya ghorofa, iliacha reli polepole hivyo kwenye kona kali, watu 5 wakafa; mizigo isiyolingana ya magurudumu ilikuwa miongoni mwa sababu.

Bado nachagua hewa, mradi mizigo ya magurudumu ipimwe. Ila Waterfall, Australia, 2003, treni ya ghorofa ilipinduka ikienda kilomita 117 kwa saa penye kikomo cha 60. Mwendo huo springi haziuzuii. Breki za kujiendesha ndizo zinazohitajika.