Draivu ya LTO-4 iliyotumika: nyota nne, lakini mbele ya yote angalia jina la kifaa, nst0

Kwa wenye wanauliza kama hii draivu, mashini ya kuweka kopi za data ya kompyuta kwa kaseti za utepe, bado inafaa: inafaa sana. Niko Goma, Himbi, kazi yangu ni video za ndoa, na tangu volkano ya Nyiragongo itoke ile 22 Mei 2021, watu tukakimbia wengine Sake wengine Bukavu na madiski ndani ya mifuko, sitaki tena kopi zote zilale nyumba moja. Kaseti moja inabeba GB 800, ni nyepesi, natuma na boti kwa dada yangu Bukavu, basi. Ile 1.6 TB yenye wameandika kwa boksi usiihesabu, ni ya data yenye inabanika, na video imeshabanwa tayari.

Mwenye aliniuzishia alisema ni kuchomeka tu, kumbe inaomba kadi ya SAS, ile ya kuiunganisha na kompyuta, hiyo nayo nikaitafuta wiki mbili.

Lakini kitu kilinitesa ni jina la kifaa. Linux inaita mashini ileile majina mawili, /dev/st0 na /dev/nst0, na hiyo st0 ukimaliza kuandika inarudisha utepe mwanzo, nst0 inauacha palepale. Skripti yangu ilikuwa na st0, kila usiku tar, programu ya kufunga mafaili pamoja, inaandika juu ya kazi ya jana, mie najua niko salama, diski ikakufa, mama mmoja akakuja kuuliza ndoa ya binti yake, kufungua kaseti nakuta usiku mmoja tu. Alilia mbele yangu, mpaka leo inaniuma. Kwa hiyo weka nst0, na mbele ya kuandika piga mt -f /dev/nst0 eod (mt ni amri ya kuendesha utepe), ifike mwisho wa data. Wenye mnatumia FreeBSD pahali pa Linux, kwenu ni sa0 na nsa0, mambo ni yaleyale.

Bloku, ni kile kipande cha data kinaandikwa mara moja: mt setblk 0, kisha tar -b 512, ni KB 256 kila bloku. Andika hiyo namba juu ya kaseti, kwa sababu ukisoma na bloku ndogo itakuambia memori haitoshi hata kama RAM imebaki tele.

Na ukisikia inasimama, inarudi nyuma, inaanza tena, ujue data inafika polepole. Yenyewe inaweza kumeza MB 120 kwa sekunde, diski ya USB 2 haifiki hata nusu, na ule mwendo unakula utepe na kichwa. Nimeweka katikati mbuffer, programu ya kukusanya data kwanza kwa RAM, ya GB 4 na -P 80, inangoja ijae asilimia 80 ndiyo inaanza kumwaga, kelele ikaisha siku ileile.

Nyota ya tano nimeiacha kwa sababu ya kaseti ya kusafisha kichwa, hapa mjini sijaipata, naagizia Kampala.