Lugabire za Soroti: kwa miguu ya mtu mzima, sijaona kiatu kingine

Fundi anayenitengenezea lugabire, yaani viatu vya wazi vya matairi, anakaa kando ya soko kuu la Soroti, mashariki mwa Uganda, chini ya turubai, rundo la matairi ya lori nyuma yake. Nimekuwa mteja wake tangu 2003.

Mwaka ule LRA, waasi wa Joseph Kony, waliingia Teso, eneo letu hili la Soroti. Tarehe 15 Juni walivamia Obalanga, na kabla mwezi haujaisha wakateka wasichana wa shule ya Lwala kule Kaberamaido. Nilikuwa na miaka 43, nina familia na ng'ombe wa kulimia. Wasichana wale walikuwa rika la binti yangu, basi nikajiunga na Arrow Boys, wanamgambo wa Teso waliopigana na LRA. Watu wazima tulikuwa wengi. Baadhi walikuwa wapiganaji wa zamani wa UPA, kundi la waasi wa Teso, waliotoka msituni mwanzoni mwa miaka ya 1990, na wao ndio waliotufundisha kusoma nyayo. Bunduki zilitoka serikalini. Viatu, kwetu sisi, kila mtu alijitafutia.

Vijana walikimbilia gambuti. Kijana wa miaka 20 atatembea na gambuti usiku kucha, na asubuhi bado ana nguvu za kucheza mpira. Mguu wa mtu wa makamo huvimba. Ukivimba ndani ya gambuti lililojaa maji ya kinamasi, vidole vinachubuka, na kesho yake unawachelewesha wenzako. Kwenye doria hilo ni jambo la hatari. Lugabire unalegeza mkanda, mguu unapumua. Ukivuka maji, yanaingia na kutoka, na baada ya muda mfupi umekauka. Mwezi wa Oktoba, habari zilipotufikia kwamba kamanda wa LRA, Tabuley, ameuawa, soli zangu zilikuwa bado nzima.

Tazama anavyofanya kazi. Anakukanyagisha juu ya tairi, anachora mguu kwa chaki, wa kulia peke yake na wa kushoto peke yake. Kisu anakilowesha maji ili kipite kwenye mpira bila kukwama. Kisigino anakiongezea tabaka la pili, na magoti yangu yanamshukuru kila siku. Mikanda anaikata kwenye tyubu, anaipitisha kwenye mipasuko ya soli, kisha anaikaza kwa misumari midogo. Jambo kubwa ni tairi lenyewe: chagua la nyuzi za nailoni. Lile la waya, soli ikishalika, waya hutokeza na kukuchoma unyayo.

Kasoro zipo. Mikanda mipya hukwaruza juu ya mguu. Ipake mafuta ya shea jioni, ilale nayo. Kwenye udongo wa mfinyanzi uliolowa zinateleza vibaya, na kwa kazi ya shambani wakati wa masika ningekuambia uvae gambuti. Tena siku ya wateja wengi fundi huharakisha, ncha za misumari zinabaki bila kukunjwa. Pitisha kiganja ndani kabla hujalipa, ukigusa ncha mrudishie. Hakasiriki, anachukua nyundo palepale.

Mimi nililipa shilingi 15,000. Kama umepita miaka arobaini na umepata kazi ya ulinzi wa usiku, au una safari ndefu za miguu, nenda kwake asubuhi kabla foleni haijaanza, umwambie: tairi la nyuzi, kisigino tabaka mbili.